Rambo Nyeusi za Martini wa Gungu

Ungepita Gungu, mtaa wetu hapa Kigoma, miaka ile ya wakimbizi, ukamwona mtu anatoka dukani kwa Martini na rambo nyeusi iliyovimba, usingedhani ana shida. Ungesema huyu leo kwake wali na kuku. Kumbe mwenzangu, ndani mna robo ya sukari na kiberiti, vilivyobaki vyote ni magazeti!

Mimi Winfrida nakaanga mihogo kwenye kibaraza cha duka hilohilo, kwa hiyo sikusimuliwa. Nilikuwa namwona Martini kwa macho yangu. Anapima robo yako, anakunja gazeti la zamani, analisukumia chini ya mfuko, bidhaa inakaa juu, gazeti jingine pembeni, halafu anapiga fundo. Alimfanyia hivyo kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho. Hata mwalimu Gervasi akinunua mchele wa familia nzima alikuta magazeti. Ndiyo maana mtaa wote tulijua kwamba mifuko ya Martini inadanganya, ila hakuna aliyejua ni upi. Unapita bombani, wanawake wamepanga ndoo, wanakutazama mkononi, wanaona mfuko umejaa, basi yameisha. Funika kombe mwanaharamu apite.

Lakini usidhani Martini alikuwa mtakatifu. Alipenda sifa, jamani! Mtu mfupi, koti la kijivu hata jua likiwaka, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Iliposikika kwamba kuna mradi unatoa ruzuku kwa wenye maduka madogo ili waingie kidijitali, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, tena na tai. Akachaguliwa. Habari tulizipata kabla hajashuka kwenye bodaboda, maana alianza kututangazia tangu kwenye kona.

Ruzuku yenyewe ilikuwa na awamu mbili. Kwanza unapewa mashine, kioo cha kubonyeza chenye spika yake, na kila unachouza lazima kipitie humo. Miezi mitatu ikiisha anakuja afisa kukagua. Akiridhika, awamu ya pili ni friji. Friji ya mlango wa kioo, yenye taa ndani! Veneranda, mkewe Martini, alishaisafishia kona, akaitandikia na mkeka, na ole wako uweke gunia pale. Alikuwa ameshapanga kuuza soda za baridi na migebuka, samaki wetu wa ziwani, isiyoharibika kabla ya jioni. Wateja wakawa wanamtania Martini, "Friji inaendeleaje?" Naye anajibu, "Haijambo," kama ameulizwa habari za mtoto.

Martini aliingiza bidhaa zake kwenye mashine kwa kidole kimoja, wiki nzima, ulimi nje. Hakutaka kuacha kitu. Akaandika unga robo kilo, unga nusu kilo, chumvi ya mia, sigara moja. Ambalo hakuambiwa, au aliambiwa akiwa anapiga picha na wageni, ni kwamba ile mashine inasema.

Siku ya kwanza alikuja mwalimu Gervasi, ambaye kanisani kwao alikuwa ametoa ushuhuda kwamba ameacha sigara. Akanong'ona. Martini akabonyeza. Sauti ya mwanamke, kavu na kubwa, ikavuma hadi bombani: "Umeuza sigara moja. Asante, karibu tena!"

Weee! Nilicheka mpaka mihogo ikaungua. Nikacheka hadi ilipofika zamu yangu: "Umeuza mafuta ya mia mbili. Asante, karibu tena!" Na mimi kila asubuhi nawaapia wateja kwamba ya jana nimemwaga, haya ni mapya tupu. Basi tukaibatiza ile mashine jina la Shangazi, kwa sababu shangazi ndiye anayesema mbele ya watu yale ambayo wenzake wameyameza. Akifungua tu mdomo, watu wanacheka.

Ndipo akaja Capitoline.

Alikuwa mwanamke wa Burundi, mmoja wa wale waliovuka ziwa mwaka ule uwanja wa mpira ulipojaa watu na magodoro. Kambini walimpa kibali cha kumleta mwanawe Bonfils hospitali mjini, kifua kilimsumbua, na wakawa wanakaa kwa ndugu yao nyuma ya nyumba yangu. Maneno machache, kichwa juu. Kitenge chake kilikuwa kimoja tu, lakini hukukiona na kunyanzi hata siku moja. Akisalimia kwa Kirundi, Martini anaitikia kwa Kiha, wanaelewana bila taabu. Na kila alipopita bombani, mfuko wake ulikuwa umejaa kama wa mtu mwingine yeyote.

Siku hiyo Martini alibonyeza kwa mazoea. "Umeuza unga robo kilo. Umeuza chumvi ya mia. Asante, karibu tena!" Bombani wakacheka. Hawakuwa na ubaya naye, walikuwa wanamcheka Shangazi kama kawaida yao. Lakini Capitoline angejuaje? Akachukua mfuko wake, akasema "Murakoze," asante ya kwao, akaondoka na kichwa chake juu vilevile, akalihama duka.

Kesho yake tulimwona anakata njia kwenda mpaka mtaa wa Mwanga, mtoto mgongoni anakohoa, anatafuta duka ambalo halimjui. Martini alisimama mlangoni akamtazama mpaka akapotea. Roho iliniuma, na najua yeye ilimuuma kunizidi, maana siku hiyo walipomuuliza habari za friji aliwapa mgongo.

Akampigia simu Oswald, afisa wa mradi. Oswald akasema sauti haizimwi, mzee, ndiyo uwazi wenyewe. Martini akaanza vituko. Akibonyeza, anakohoa kwa nguvu kumfunika Shangazi, mpaka watu wakampa pole ya mafua. Akafungulia redio, Shangazi akaishinda redio. Akaifukia mashine kwenye gunia la unga, sauti ikatokea humo humo kama mzimu, "Asante, karibu tena," na mteja mmoja akatimua mbio akaacha chenji.

Siku moja nikamkuta ameinama, kile kidole kimoja kinafanya kazi. Alikuwa anafuta. Ile kazi yake ya wiki nzima, unga robo, unga nusu, chumvi ya mia, yote anaifuta, na kila mahali anaandika neno moja. Nikaomba mafuta yangu. Akabonyeza. "Umeuza mzigo. Asante, karibu tena!" Akaja mwalimu Gervasi akanong'ona. "Umeuza mzigo. Asante, karibu tena!" Mwalimu karibu ambusu.

"Na friji?" Veneranda akauliza, mikono kiunoni.

"Friji itakuja."

"Baba we, mkaguzi akikuta duka zima linauza mizigo, hiyo friji itakuja kwa njia gani? Itaogelea?"

Martini akanigeukia mimi. "Winfrida, nenda ukamwambie Mama Bonfils, Shangazi ameacha umbea."

Nikaenda. Capitoline alikuwa anamkanda mtoto kifua. Nilipomweleza, ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. "Mama," akaniambia, "na mimi kwetu Rumonge nilikuwa na duka. Sisi tulikuwa tunajaza majani makavu ya mgomba."

Nilishtuka! "Kumbe maana ya magazeti uliijua?"

"Tangu mfuko wa kwanza. Tena anayakunja vibaya."

Akarudi kununua. Na kwa bahati yetu mbaya, siku Oswald alipokuja kukagua, Capitoline alikuwa amesimama palepale, mfuko wake umeshafungwa, uko juu ya kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Oswald akafungua mashine, akateremsha kidole, akateremsha tena. Uso ukambadilika. "Mzee Martini, humu naona mzigo, mzigo, mzigo. Hivi wewe unauza nini?"

"Mizigo," akasema Martini. Bombani wakaangua kicheko.

Oswald hakuwa mtu mbaya. Akainama, akasema kwa upole kwamba hata sasa mambo yanaweza kurekebishwa, ila mzee amweleze tu maana yake, apate la kuandika. Martini akatazama bombani. Kueleza kunataka mfano, na mfano ulikuwa umesimama mbele yake na kitenge chake kisicho na kunyanzi.

"Basi nitajie mmoja tu," Oswald akasema, akauwekea kidole mfuko wa Capitoline. "Huu una nini ndani?"

Capitoline akaikaza mikono. Veneranda akautazama mkeka wake. Mimi nikaacha mihogo iungue, potelea mbali.

"Mzigo wa mteja," akasema Martini.

"Ndiyo mzee, lakini una nini?"

"Mwanangu, na wewe nikikuuzia, ulichonunua nikamtajie nani?"

Oswald akaizima mashine, akaitia kwenye begi. "Basi friji haitakuja, mzee. Nisamehe." Akapanda bodaboda, na Shangazi akaondoka naye. Martini akausukuma mfuko kwa Capitoline, akamwambia karibu tena, akaanza kukunja magazeti ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Veneranda alimnunia, we! Chakula akawa anamwekea kama mgeni, kimya, anafunika na sahani. Mkeka hakuutoa. Ukabaki pale kwenye kona, mtupu, na sisi wenye midomo tukakoma kuulizia friji.

Bonfils akapona. Kibali kikaisha, ikabidi warudi kambini. Asubuhi ya kuondoka Capitoline akapita dukani, mtoto anatembea mwenyewe, naye kabeba rambo nyeusi iliyovimba, imepigwa fundo. Akaiweka kwenye kaunta kwa mikono miwili. "Huu mzigo wa Mama Veneranda," akasema. Akatuaga wote, hata wale wa bombani, akaenda kuwahi gari.

Jamani, mwanamke anayeishi kwa mgawo wa kambi! Martini hakuufungua. Akaunyanyua kwa mikono miwili, akapita nao mbele ya watu wote pale kibarazani huku akiguna, "Eh, mzito huu!" akaenda kuutua juu ya mkeka, mahali pa friji.

Mimi nilikuwa nawashwa. Nikajisogeza nikauminya kwa kidole, nikasikia majani makavu ya mgomba yanalia. Nilitaka kuminya zaidi nijue chini yake kuna nini. Veneranda akanichapa mkono, pwaa! "Winfrida, una adabu kweli?" Mpaka leo sijui mlikuwa na nini.

Na wale wa bombani, unadhani wangenyamaza? Mmoja akapaza sauti, "Veneranda! Mama Bonfils kakuachia nini?"

Veneranda akautazama ule mfuko, akamtazama na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Shangazi aondoke. Akatoka hadi mlangoni ili wasikie vizuri.

"Vingi," akasema. "Hata kwenye hiyo friji visingeenea."