Nilikubali kwa Sheikh na bomani mwezi mmoja, michikichi ya Bi Mwajuma ikaenda

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaosoma karatasi hii inayozunguka, kuanzia Usumbura mpaka Ujiji. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, huwa nasoma ya wenzangu, nacheka, nampa mwenye mtumbwi apeleke mbele. Leo nimeshonea humu karatasi ya kwangu.

Nitakayosema yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu. Kama ningekuwa naongeza, ningejiweka vizuri kidogo.

Nianze na mimi ni nani. Nimezaliwa Muhuta. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ilipopita pwani yetu ya ziwa ilichukua wazazi wangu wote wawili, na mimi nikabebwa hadi Rumonge na fundi mmoja wa mitumbwi, Mzee Hamisi, Mmanyema. Yeye na mkewe Bi Mwajuma hawakujaliwa mtoto. Wakanilea.

Sikumbuki siku niliyolala njaa kwenye nyumba ile. Hilo liwekeni akilini, maana litanisuta mpaka mwisho wa habari hii.

Bi Mwajuma alikuwa anakamua mawese. Michikichi ilikuwa ya Mzee, nyuma ya mji, kwenye udongo mzuri karibu na kijito. Nilipoanza kuota ndevu, Mzee aliniita pale shambani siku moja, mimi na rafiki yake mmoja mvuvi wa Magara. Akasimama katikati ya miti akasema, "Muko munasikia? Hii michikichi yote nimemupa Mwajuma. Si ya miye tena. Nyinyi ndio mashahidi." Mvuvi akasema tumesikia. Na mimi nikasema tumesikia. Bi Mwajuma akapokea, akacheka, akarudi kwenye chungu chake.

Kuna mkuu atauliza mbona hatukuandika. Wakati ule sikuwa na mwandiko wa maana, na kwetu karatasi isiyo na shahidi aliye hai ni karatasi tu. Mashahidi tulikuwepo wawili, tuliona inatosha.

Sasa twende kwenye nafasi.

Nilimaliza shule ya serikali Usumbura nikiwa najua herufi za Kizungu, na za Kiarabu nilikuwa nazo tangu chuoni, kwenye Kurani. Watu wa namna hiyo pwani yetu mlikuwa mnawahesabu kwa vidole. Nilirudi Rumonge kichwa kimevimba, nisiwadanganye.

Nilitaka jambo moja tu maishani, nalo ni sheria. Kukaa mahali watu wanaleta ugomvi wao, ukasikilizwa, ukaandikwa, ukaisha.

Wa kwanza kuniita alikuwa Sheikh wetu wa Rumonge, ndiye anayehukumu ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Macho yake yalikuwa yanaanza kuchoka. Akanitaka nikae naye miaka mitatu, nisome fikihi, niandike hukumu zake, na akichoka kabisa nishike mimi. Kwetu hilo halina mkataba. Unakaa kwenye mkeka, mnasoma Fatiha, mnakunywa kahawa, imekwisha. Nilisoma. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Haijapita wiki mbili, tarishi akaleta barua kutoka boma la Usumbura. Nafasi ya karani mwanafunzi kwenye meza ya mashauri. Miezi mitatu ya kujaribiwa, kisha mkataba. Kazi ni kuandika kitabu cha mashauri, kukaa chini ya dirisha la Bwana Shauri, Mzungu anayeamua kesi, na kusikia kila kitu. Meza, wakuu. Kalamu ya chuma. Kofia.

Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angekwenda kwa Sheikh akasema, nimeitwa bomani, niruhusu au nizuie. Sheikh alikuwa mtu wa kuzungumza naye. Nadhani angeniruhusu.

Mimi nikaona hapana, nitabeba zote mbili. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nimalize miezi mitatu Usumbura, niombe kuhamishiwa Rumonge, asubuhi niwe wa serikali, alasiri niwe wa Sheikh. Nilikuwa nawaona kichwani watu wakija kwangu hukumu ya dini ikiwashinda, nawapeleka kwangu tena hukumu ya serikali. Ujinga una raha yake ukiwa bado haujakukamata.

Ila ilibidi nimwambie Sheikh kitu. Nikamwambia Bi Mwajuma anaumwa, nahitaji kukaa nyumbani kumuuguza. Aliinua mikono akamwombea pale pale, na mimi nikaitikia.

Kesho yake nikapanda mtumbwi wa wachuuzi wa samaki kwenda Usumbura. Nyumbani niliaga vizuri. Bi Mwajuma alinifungia mihogo akaniambia nikasalimie Wazungu.

Bomani nilipokelewa na karani mkuu, mtu wa Mrima, kule baharini, safi, mkali. Akanionyesha kitabu, nikatia sahihi. Aliniambia neno moja, "Humu ndani ukitoka bila ruhusa, umetoka." Nikaitikia ndiyo bwana.

Na kazi niliiweza. Hapa ndipo panaponiuma, kwamba niliiweza.

Mwezi wangu wa pili bomani Mzee Hamisi akafariki. Niliomba ruhusa ya maziko, nikapewa. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Bi Mwajuma alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akanishika mkono, na katikati ya kilio akanieleza jambo kama habari njema: Sheikh na wanafunzi wake walikuja nyumbani siku chache baada ya mimi kuondoka, na asali, wakamsomea Yasini.

Nikamuuliza, uliwaambia nini?

"Walinikuta nakamua mawese. Nikawaambia karibuni, baba zangu, miye iko muzima kabisa, nani aliwaambia naumwa? Wakauliza mutoto iko wapi. Nikasema mutoto yangu iko Usumbura, iko karani ku boma."

Alisema hivyo akifuta machozi, na uso wake uling'aa kidogo.

Nimesahau kuwaambia desturi hii, ingawa mnaijua. Mgonjwa wa mtu wa chuo hutembelewa na chuo kizima. Mimi niliyesoma chuo tangu utoto nilidanganya ugonjwa kwa watu ambao lazima waje kumjulia hali mgonjwa. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nafikiri sikuwa nafikiria.

Sheikh alikuwepo matangani. Alinipa pole, akanishika bega. Nilikuwa na siku tatu nzima za kwenda kwake nikaomba msamaha. Sikwenda. Niliona aibu, na aibu nikaiita haraka ya kazi. Nikarudi bomani.

Kumbe mvuvi wa Magara naye alikuwa ametangulia mwaka ule ule. Shahidi wa michikichi nilibaki mimi peke yangu.

Baada ya arobaini, ndugu yake Mzee Hamisi akaja kutoka Nyanza kudai mirathi. Simlaumu. Marehemu hana mtoto, mke ana robo, kinachobaki ni cha ndugu. Kwa hesabu yake michikichi ilikuwa ya kaka yake. Bi Mwajuma akasema si ya marehemu, alinipa akiwa hai na mzima. Sheikh akapanga siku ya kusikiliza, Bi Mwajuma akanitumia ujumbe na wachuuzi: njoo useme ulichosikia.

Sheria yetu ilikuwa upande wake. Shahidi mmoja mwaminifu, na kiapo cha mdai, mali inathibiti. Mimi si damu yake, kwa hiyo ushahidi wangu kwake unasikilizwa. Alichohitaji ni mimi tu.

Nikaenda kwa karani mkuu kuomba ruhusa. Akakataa. Zilibaki siku tisa nimalize kujaribiwa. Akaniambia mashauri ya mirathi za Waislamu hayatuhusu hapa, na ruhusa ya matanga ulishapata. Halafu nikaweka kofia juu ya meza nikaondoka. Ndilo jambo pekee katika habari hii ambalo silijutii, na halikusaidia kitu.

Shauri lilisikilizwa barazani msikitini baada ya alasiri. Nilifika nguo zimelowa maji ya ziwa. Bi Mwajuma aliponiona alishusha pumzi, nikamwona kabisa, kama mtu aliyetua mzigo.

Sheikh akaniita mbele. Kabla sijafungua mdomo, yule ndugu wa marehemu akainuka, kwa adabu tu. "Sheikh, huyu kijana alisoma Fatiha na wewe, akakudanganya, akaenda boma. Wanafunzi wako wote wanajua. Shahidi gani huyu?"

Sheikh akanigeukia. "Uliniambia mama yako anaumwa. Alikuwa anaumwa?"

Niliangalia mkeka. Ule ule wa Fatiha.

"Hapana, Sheikh."

"Ulinijia kuomba msamaha?"

"Hapana."

Akasema, "Mwanangu, shahidi anatakiwa awe mwadilifu. Aliyejulikana kwa uongo, toba yake tunaitazama mwaka mzima ndipo tumrudishe. Wewe hujaanza hata siku moja." Kisha akashusha sauti. "Moyo wangu unajua Hamisi alitoa. Lakini siwezi kuandika moyo wangu kwenye hukumu."

Ushahidi wangu ukakataliwa. Mdai akikosa shahidi, kiapo kinahamia kwa anayekana. Yule bwana akashika msahafu akaapa kwamba hajui habari ya kupewa. Na kweli hakuijua, alikuwa Nyanza miaka yote. Hakukuwa na mwongo mwingine pale barazani isipokuwa mimi.

Bi Mwajuma akapata robo yake, upande wa mawe. Udongo wa kijito ukaenda.

Nilirudi Usumbura kujaribu bahati. Mezani kwangu alikuwa amekaa mwingine, kofia inamkaa vizuri. Karani mkuu hakunifokea, alinionyesha tu lile neno "ametoka" mbele ya jina langu kitabuni. Mwandiko mzuri.

Kwa Sheikh sijafukuzwa. Alinitumia salamu kwamba mkeka upo. Nimeshindwa kuukalia. Kila nikikaribia baraza nageuka. Macho yake yameisha kabisa sasa, anayemwandikia ni mwanafunzi aliyekuwa anasoma polepole kuliko mimi chuoni.

Siku hizi nipo Magara, nawaandikia wachuuzi wa samaki barua zao. Ndiyo sheria yangu hiyo.

Nikienda Rumonge nalala kwa Bi Mwajuma. Ananunua ngazi, chikichi za kukamulia mawese, kwa watu wanaochuma kwenye miti aliyoimwagilia maji mwenyewe, anakamua kama zamani. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Ningemshukuru angenitukana hata mara moja.

Nilichojifunza ni kifupi. Wenzangu mnaosoma, mkiitwa sehemu mbili, kateni moja kwa mdomo wenu, mchana, uso kwa uso. Mimi niliogopa kupoteza nafasi moja. Nafasi zote mbili ningezipoteza nikaishi. Michikichi haikuwa yangu kuipoteza.

Nimeacha karatasi tupu hapo chini. Mwenye la kusema aseme, hata la kunichapa, sitajibu vibaya. Mwenye kujua kama kuna njia ya kulirudisha shauri lililokwisha kuapiwa, namwomba aandike kwa herufi kubwa.

Na mkuu ukipita Rumonge sokoni, ukimkuta mama mmoja anauza mawese upande wa ziwa, msalimie. Atakuuliza unatoka wapi. Ukisema Usumbura, atakuambia mutoto yake iko kule, iko karani ku boma. Anajua sipo. Anamwambia kila mgeni.

Usimsahihishe.