Namba Kumi na Nne

Kliniki ya meno ya Ghubra, mtaa mmoja wa Maskati, ilikuwa na madaktari watatu, lakini mwenyewe hasa alikuwa Bi Bakhita wa mapokezi. Miaka kumi na tisa aligawa namba kwa mkono wake, na hapakutokea mtu aliyemruka mwenziwe. Mkubwa mmoja wa serikali alipokuja na dereva wake akitaka kupitishwa, alikalishwa baina ya bibi kizee wa Sib na mtoto anayelia, akangoja, na alipoondoka akaaga kwa adabu. Bi Bakhita alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na umri wa miaka sita. Kiarabu chake hakina dosari, ila akikasirika hukasirika kwa Kiswahili, hata kama anayekasirikiwa hajui neno.

Mwaka ule hasira zake zote zilielekea Yemen. Mdogo wake, Yaqoob, alikuwa injinia wa meli ya mizigo. Meli ilipokuwa ikipita Bahari ya Shamu, waasi waliirushia kombora. Likapiga sehemu ya mbele, likateketeza makontena manne ya vigae vya chooni, na hakufa mtu. Yaqoob alikuwa chini kwenye mashine. Alirudi mzima, akafikia kwa dada yake kwa siku mbili tatu, na mwezi wa tano ukamkuta bado yupo. Hatoki, hanyoi ndevu, na sufuria ya presha ikipiga mluzi tu, yeye keshaingia chini ya meza. Bi Bakhita akaiweka kabatini, akarudi kuchemsha maharage kizamani, na kwa muda wote yanapochemka akawaapiza waasi.

Baada ya magharibi walikaa wote wawili mbele ya televisheni. Aghalabu hutokea mjumbe mmoja wa waasi, mfupi, wa miwani, mmoja katika wale waliokuja Maskati kwa mazungumzo ya amani. Hueleza kwa utulivu kama mtu anayesoma orodha ya harusi kwamba kombora limefika lilikokusudiwa. Bi Bakhita humjibu neno kwa neno.

Basi Jumapili moja asubuhi akaingia kliniki mtu aliyejifunga shali kichwa kizima, shavu limevimba, na wenziwe wawili wamemshika huku na huku. Mmoja wao akainama mezani, akanong'ona kwa Kiarabu kwamba shekhe huyu ni mtu wa haraka. Kwa Kiarabu maana yake ni mtu wa chama, wa vuguvugu lao, na Bi Bakhita alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa hajanywa kahawa, na masikio yake asubuhi huamka na Kiswahili kwanza. Akajibu kwamba wote waliokaa pale wana haraka, akampa namba kumi na nne, akamwonyesha kiti.

Mgonjwa akakaa. Kufika namba nane alikuwa akilia waziwazi. Bi Bakhita si jiwe. Akatoa karafuu kwenye mkoba wake, akamwendea.

"Weka hapo panapouma," alimwambia. "Usitafune, na usiseme kitu mpaka uitwe."

Yule bwana akatii saa nzima. Alipotoka kwa daktari alimwinamia, mkono kifuani.

Jioni ile, kwenye habari, mjumbe wa waasi akatokea na miwani yake, shavu moja kama andazi, akisema kwa upande mmoja wa mdomo. Bi Bakhita akaweka kikombe chini taratibu.

"Yaqoob," akasema, "yule nimempa karafuu zangu."

Yaqoob akaitazama televisheni, akamtazama dada yake, mabega yakaanza kumtikisika. Bi Bakhita alidhani analia, akanyanyuka kumtafutia maji. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akauliza yule mtu atarudi lini. Akaambiwa Jumapili, kwa sababu jino lake halikumalizwa.

"Na mimi ntakuja, dada," akasema.

Wiki nzima Bi Bakhita hakutulia. Alificha kisu cha nyama, halafu akafikiri kwamba wa kufichwa kisu labda ni yeye. Akatunga hotuba kwa Kiarabu fasaha, akaiandika nyuma ya kadi saba za miadi.

Jumapili Yaqoob alifika mapema, kanyoa, kavaa kanzu ya pasi. Sheria ya dada yake ni kwamba asiye na namba hakai, kwa hivyo akachukua namba tisa. Mjumbe akaingia na chupa ya asali, akaiweka mezani kwa heshima, akapewa kumi. Bi Bakhita akazishika kadi zake na kukuta zimechanganyika, ya tano ndiyo ya kwanza. Akaziweka kando.

"Yule pale ni ndugu yangu," akasema. "Alikuwamo ndani ya meli mliyoipiga. Nenda kakae naye."

Mjumbe akawatazama walinzi wake. Walinzi wakatazama mlango. Akaenda, akakaa.

Yaliyosemwa Bi Bakhita aliyajua baadaye kwa Yaqoob. Mjumbe alianza maelezo yaleyale ya kwenye televisheni. Yaqoob alimwacha amalize, kisha akamhadithia moshi, na mpishi wa meli aliyemshika mguu akaomba dua mpaka sauti ikamkauka.

"Mlijua kama tumo watu ishirini na wawili?" akamwuliza.

Mjumbe alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Tulijua jina la meli," akasema.

Hapo daktari Lamya akaita namba tisa. Yaqoob hajapata kuumwa na jino maishani mwake, lakini ukumbi mzima ulimgeukia, na dada yake pia, kwani namba ni namba. Akaingia. Lamya akamkuta na matundu matatu, moja baya sana, akaanza na hilo.

Alitoka nusu ya uso imekufa ganzi, akipishana mlangoni na mjumbe. Wakaamkiana kwa kichwa tu.

Asali Bi Bakhita aliwaachia madaktari. Mjumbe hakuonekana tena pale, jino lake lilikuwa limekwisha. La Yaqoob lilitaka ziara nne. Akaenda zote, akiendesha gari mwenyewe, na baada ya ile ya mwisho akapitiliza mpaka Sib, kwa rafiki yake Suud, kuulizia kazi ya kutengeneza mashine za maboti ya wavuvi.