Mume wangu haoni kwa jicho la kulia, na hivi karibuni tunaondoka kwa baiskeli kwenda Lindi

Admin naomba unifichie jina, maana wanangu na wakwe zangu wote wamo humu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu poleni na majukumu.

Mie ni mama wa miaka hamsini na tisa, naishi Temeke. Mume wangu ana sitini na sita, hapa nitamwita Baba Zena ingawa si jina lake. Alikuwa karani kwenye yadi ya makontena kule Kurasini mpaka alipostaafu. Jamani, kustaafu kulitaka kuniulia mume. Mtu aliyekuwaga akifika nyumbani mtaa mzima unajua, akawa wa kukaa kibarazani tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, hasemi kitu. Nikimuuliza ale nini ananiambia chochote tu. Hospitali walimpima wakasema hana ugonjwa. Watoto walikuwa wanakuja, wanakaa naye kidogo, wanaondoka wanalia.

Aliyemtoa pale ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana kikundi cha watu wazima wanaoendesha baiskeli. Alimbembeleza mpaka akakubali kwenda mara moja tu. Siku hiyo alirudi kalowa jasho, akaomba chakula mwenyewe. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Na mie nikajifunza, kwa umri huu, kwenye uwanja wa shule, vitoto vya mtaani vinanicheka nikianguka. Tulinunua baiskeli za mtumba Buguruni, fundi akatupandishia siti mpaka mguu ukanyooka vizuri, akainua na usukani tusiumie migongo. Mwalimu alitufundisha kwamba mwili wa mzee haukurupushwi: unaongeza mwendo kidogo kidogo, unapumzika, unanyoosha magoti kabla na baada. Tukanunua kofia ngumu, glavu, fulana zinazong'aa, na zile kaptula zenye sponji makalioni. Mie yangu naivaa ndani ya suruali pana, juu nashusha kanzu fupi. Binti yetu Zena alipoiona imeanikwa kambani alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake naye akacheka. Nyumba yetu ilikuwa haijasikia kicheko hicho muda mrefu.

Ndipo kikundi kikapanga safari ya Lindi, kwa siku kadhaa, tunalala njiani, gari la mizigo linafuata nyuma. Lindi ndiko kwao Baba Zena. Dada yake mkubwa yuko huko, mzee sana, hawajaonana miaka mingi. Ameshampigia simu kumwambia anakuja kwa baiskeli na mkewe.

Sasa shida yangu. Mwezi uliopita tulikuwa mazoezini, tumepita Kongowe, mie niko nyuma yake. Lori likaja kutupita upande wa kulia, yeye akalisogelea kana kwamba barabara ni tupu. Nilipiga ukelele, akayumba kushoto, tukaanguka wote kwenye mchanga. Aliniambia alikuwa na mawazo. Lakini nikaanza kumwangalia. Mezani kikombe kikiwa kulia kwake anakipapasa. Mjukuu akimpa mkono upande huo hamwoni mpaka aongee.

Jumapili moja asubuhi nikamnyooshea chai kutoka kulia, nikaishikilia pale. Hakugeuka. Nikamuuliza, "Baba Zena, jicho hilo linaona?"

Akaniambia halioni tangu mwaka jana. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, atumie dawa kulinda lililobaki. Dawa anatumia, anaificha kwenye mfuko wa pampu ya baiskeli. Nikamwambia safari ya baiskeli tuiache, tutapanda basi kama watu wengine. Akanishika mkono. "Mke wangu, ukiwaambia wataninyang'anya baiskeli, na nikirudi kile kibarazani sitoki tena. Unanijua."

Namjua. Hicho ndicho kinachoniua.

Wiki iliyopita mwalimu alipita kwa kila mmoja wetu kuuliza afya. Alipofika kwetu aliniangalia mie, akasema, "Shemeji, wewe ndiye unayelala naye. Mzee yuko sawa?" Baba Zena alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, nikaona vidole vimesimama. Nikajibu yuko sawa. Mwalimu akaniamini. Tangu siku hiyo sina usingizi, maana nimemdanganya mtu aliyenirudishia mume wangu, na akigongwa huyo mzee, damu iko mikononi mwangu.

Juzi tukaenda mazoezi ya mwisho, njia ya Mkuranga. Kabla hatujaondoka Baba Zena alikuja karibu yangu, uso umechangamka kama mtu aliyepata jibu. Akaniambia ameshafikiri, amepata dawa ya jambo hili. "Usikae nyuma yangu tena. Kaa kulia kwangu, uwe jicho langu."

Nikakaa kulia kwake. Jamani, barabara ile mnaijua. Kushoto ni mchanga, kulia ni mabasi na malori ya kusini. Kila gari lililotupita upepo wake ulinivuta mie, si yeye. Nilikuwa namwambia lori, basi, tulia, twende, na yeye anaendesha kwa raha zake, anaimba nyimbo za kwao. Hakufikiri hata mara moja ni wapi ameniweka. Na mie sikumwambia, kwa sababu alikuwa anaimba.

Zena anataka kutusindikiza siku ya kuondoka, ameshawashonea wajukuu sare. Hajui kitu.

Nikisema, namrudisha mume wangu kibarazani kwa mikono yangu. Nikinyamaza, kuna watu wawili hapa wanaweza wasifike Lindi. Nyie mlioishi na wazee, nyie mliowahi kubeba siri ya mwenzenu, niambieni ukweli hata kama utaniuma: nimwendee mwalimu kabla hatujaondoka, au nipande baiskeli nikae kulia kwake?