Nukta Nne Chini ya Mstari

Jumatatu ile Spana aliingia shuleni mikono imejaa oili, na mlinzi wa getini akajua kabisa leo kuna mtu atakula matusi.

"Mwalimu Dakika yuko wapi?"

"Salamu kwanza, kijana."

"Salamu nitatoa nikitoka."

Spana ni fundi pikipiki, na hasira zake hazingoji kiberiti. Shule aliiachia darasa la sita, siku mwalimu wa hesabu alipomrushia chaki naye akamrudishia, tena kwa shabaha. Mama yao anafua mashuka hospitali kutwa nzima, kwa hiyo mambo ya shule ya mdogo wake yako mikononi mwa Spana. Mdogo mwenyewe yuko darasa la tatu, wanamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo. Atakusimulia mechi nzima ambayo hakuiona. Lakini mfungulie kitabu, anakuwa bubu.

Sasa ilikuja barua ya mkuu wa shule: mwisho wa muhula, kama Chiriku bado hasomi, anarudishwa darasa la kwanza. Na Chiriku kaongezea lake: "Kaka, kila Ijumaa mwalimu ananiwekea saa. Bado nasoma, inalia, ananiambia basi!"

Saa! Mtoto hajui kusoma, halafu anakimbizwa na saa. Hapo ndipo Spana alipotupa chini kitambaa chake cha kufutia oili akaondoka gereji.

Chumba cha Mwalimu Dakika kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Meza moja, viti viwili vya watoto, kabati la bati, dirisha linalotazama bomba la maji. Mwalimu mwenyewe ni mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Mwalimu, unamtesa mdogo wangu."

"Karibu ukae."

"Sikuja kukaa."

"Najua viti ni vidogo. Kaa hivyo hivyo."

Akakaa, magoti yakamfika masikioni. Ukiwa umekaa hivyo, kugomba nako kunakuwa kazi. "Shikamoo, basi," akanung'unika.

"Marahaba." Mwalimu akafungua faili, akatoa karatasi ya miraba. "Huku chini ni wiki. Huku pembeni ni maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Kila Ijumaa hadithi mpya, ya darasa lake, ugumu ule ule. Nahesabu, naweka nukta. Huu mstari wa rula unaanzia alipoanza, maneno kumi na manne, unaishia tunapotaka afike mwisho wa muhula, arobaini na matano."

Spana akaona nukta tano. Mbili ziko karibu na mstari, tatu za mwisho zimelala chini yake. Aliona aibu tu. Mara watoto wakaanza kupigana bombani, mwalimu akatoka mbio kuwaamua. Mezani kulikuwa na bunda la hadithi, ya juu kabisa imeandikwa namba sita. Ya Ijumaa hii.

Spana akatoa simu. Picha moja, kwisha.

Wiki nzima Chiriku alikalishwa juu ya tairi kuukuu gereji, anakaririshwa. "Rudia!" "Kaka, nimechoka." "Rudia, ama unataka kukaa na watoto wanaojikojolea?" Kufika Alhamisi anaisema huku amefumba macho. Hata mteja mmoja aliyekuwa anasubiri breki zake aliondoka anaijua nusu.

Ijumaa Spana alisimama nje ya dirisha, kifua mbele. Saa ikabonyezwa. Chiriku akamwaga maneno kama bomba limepasuka, hadi saa ikalia: sabini na moja.

Mwalimu hakushangilia. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya nguo, akairudisha. "Vizuri. Sasa nisomee na hii." Akachomoa karatasi kutoka chini kabisa ya bunda.

Chiriku akaitazama ile karatasi, akamtazama kaka yake dirishani, akaanza kusoma. Dakika ilipoisha, maneno ishirini na mawili.

"Kaka ndiye aliyepiga picha!" akalia. "Mimi sikutaka!"

"Ingia, fundi," mwalimu akasema.

Spana aliingia na matusi yake tayari, yamepangwa kwa ukubwa kama spana kwenye boksi. Akigombezwa tu, anayamwaga. Hakugombezwa.

"Tazama," mwalimu akasema, akaweka nukta kwenye ishirini na mbili. "Ngapi mfululizo ziko chini ya mstari?"

"Nne."

"Unajua nne maana yake nini?"

"Anarudishwa."

"Hapana. Maana yake nakosea mimi. Nukta nne zikilala chini, nabadilisha ninavyomfundisha. Ile sabini na moja yako, ningeiweka hapa, ningesema mtoto yuko sawa, nikaendelea kukosea hadi muhula uishe. Ulikuwa unaniziba macho."

Yale matusi yote yakamkauka Spana mdomoni. Mwezi uliopita alimtukana mteja kutwa nzima. Taa ya kuonya kwamba oili imepungua ilikuwa inawaka, jamaa akaibandika gundi ya karatasi asiione, injini ikafa. Leo mwenye gundi ni yeye.

Lakini kilichomgusa zaidi siyo hicho. Miaka yote aliyokaa darasani, alipofeli, mjinga ni yeye, mvivu ni yeye, chaki ni yake. Hajawahi kusikia mtu mzima akisema nakosea mimi, tena ameiandika kwa penseli.

Mwalimu akafungua kabati. Mafaili yamejaa juu hadi chini, watoto mia na kumi na wanane, kila mmoja na karatasi yake, nukta wiki kwa wiki. Kwenye nyingi kulikuwa na mistari ya kusimama. "Hii ni pale nilipobadilisha." Akamwonyesha karatasi yenye mistari mitatu. "Huyu nilimkosea mara tatu. Ya nne nikampata." Na kweli, baada ya mstari wa tatu nukta zilipanda kama mtu anapanda ngazi. Spana alishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

"Na Chiriku?"

"Anasoma mwanzo wa neno, mwisho anabahatisha. Kisima anasema kisu. Mlango anasema mlima. Jumatatu naanza naye kuvunja maneno vipande. Na wewe, kila jioni dakika kumi. Soma, afuate kwa kidole, halafu asome yeye. Hadithi yoyote, ila zangu."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nasoma kwa kuvuta."

"Ndiyo vizuri. Akuone unavuta na hufi."

Akapiga mstari wa kusimama.

Ishirini na tano. Ishirini na tisa. Wiki ya tatu ishirini na nane, na Spana akapiga teke mlango wa stoo. "Nukta moja siyo habari," mwalimu akasema bila kuinua macho. "Mlango huo utaurekebisha." Akaurekebisha. Thelathini na nne. Thelathini na tisa.

Ijumaa ya mwisho mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akasimama nyuma mikono kifuani. Saa ikalia. Arobaini na tatu.

"Tulisema arobaini na tano," mkuu akasema.

Damu ikampanda Spana hadi masikioni. Mwalimu akamnyooshea penseli. "Weka nukta, fundi."

Spana akaipokea kwa mkono wake wenye oili. Aliweka nukta taratibu. Alipomaliza, akashangaa sauti yake imetoka chini, haina ugomvi.

"Mkuu, shikamoo. Naomba utazame hapa. Kabla ya huu mstari wa kusimama, alikuwa haongezi hata maneno mawili kwa wiki. Baada yake, ukigawanya, zaidi ya matatu kwa wiki. Pikipiki iko mlimani, inapanda, imebakiza mita mbili. Huiambii irudi chini ikaanze upya."

Mkuu akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya nukta, moja moja, hadi ya mwisho.

"Na huu uchafu hapa ni nini?"

Pembeni ya nukta palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi ya oili.

"Ni wangu, mkuu."

Mkuu akamrudishia mwalimu karatasi. "Abaki darasa lake. Uendelee naye."

Nje, Chiriku alikuwa ameshaanza kuropoka. "Kaka, arobaini na tatu ni nyingi? Kaka? Mbona husemi?"

Spana alikuwa amegeukia dirisha. Ndani, mwalimu amelirudisha faili la Chiriku kabatini bila kufuta ile alama, amechomoa jingine, na mtoto mwingine amekaa kwenye kile kiti kidogo. Saa ikabonyezwa.

"Nyamaza kidogo," Spana akanong'ona. "Kuna mtu anasoma."