Eliaichi wa Mizani na Chai ya Rais Mstaafu

Hamtaniamini, na sitawalaumu, maana kuna siku nikiamka hata mimi sijiamini. Lakini nawaambia: maisha ya rais mstaafu, yale yanayosomwa na watoto wa shule, na waandishi wa habari, na watu walioko Ulaya kwenye baridi, yanatunzwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, akiwa amekaa kwenye kibanda cha bati pale Makanya, nywele zimejaa vumbi la jasi. Na kuna wiki moja mimi, Manase wa Hedaru, nilikaribia kumfukuzisha kwenye kazi hiyo kwa sababu ya chai.

Rais yupi, simtaji. Eliaichi amenikataza, na mimi mwenyewe nawajua. Nikimtaja mtaanza kubishana nyinyi kwa nyinyi, nusu mtanuna mwondoke, na hadithi yangu itabaki haina watu.

Kwanza nijitambulishe kidogo, maana mwandishi naye ni mtu. Nimesoma hadi darasa la saba. La saba lenyewe nililirudia, kwa hiyo kwa haki kabisa hesabuni la nane. Nimeuza chai ya tangawizi pale stendi ya Hedaru miaka thelathini na moja, na hakuna dereva wa lori kati ya Dar na Arusha asiyenijua. Wapo wachache wasionijua, lakini hao hawanywi chai.

Sasa Eliaichi. Amezaliwa kwetu mlimani, Vudee, wa tatu kati ya watoto watano, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mchungaji akihubiri kwamba watu elfu tano walilishwa, yeye anataka kujua nani aliwahesabu. Alipomaliza kidato cha sita alipata kazi Makanya, kwenye mizani ya malori yanayobeba jasi. Kazi yenyewe mtu akiieleza unaweza kusinzia, ila ngojeni. Lori hupimwa mara mbili: likiwa tupu, kisha likiwa limepakia. Dereva mjanja, lori likipimwa tupu, humwacha utingo wake amejikunja kule mbele chini ya kiti, na mara nyingine shemeji yake utingo pamoja na madumu mawili ya maji, ili lori tupu lisome zito na mzigo uonekane mdogo. Eliaichi hagombani nao. Hutoa kichwa dirishani na kusema maneno mawili tu, miaka tisa sasa, "Utingo ashuke." Na utingo hushuka, hata kama dereva ameapa kwa mama yake kwamba yuko peke yake.

Kati ya lori na lori kuna nafasi, na kwenye nafasi hiyo wenzake walikuwa wanasuka nywele. Yeye akaingia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kumsahihisha mwenzake. Aliponieleza nilicheka. Nikamwambia hilo si jambo geni, huo ni msaragambo. Kwa msiokuwa Wapare: kwetu ndiva ikijaa tope, yaani lile bwawa letu la kumwagilia, pembe inapigwa, kila nyumba inatoka na jembe, tunazibua pamoja hadi maji yapite. Asiyetokea anatozwa faini. Eliaichi akaniambia ni hivyohivyo, mjomba, isipokuwa huku ukija na watu wa nyumbani kwako wote mkachimba upande wenu, unafukuzwa. Ningeyasikia vizuri maneno hayo siku ile, nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini nilikuwa natafuna.

Ukurasa wa rais mstaafu aliukuta umekaa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Asubuhi anakuja mtu anaandika kwamba huyu ni mpendwa, jasiri, mwenye maono, mkombozi wa wanyonge. Mchana anakuja mwingine anaandika kwamba huyo ndiye aliyetuharibia nchi, na anaongeza jambo kuhusu mama yake. Eliaichi akaanza kuwashusha. Mpendwa, ashuke. Jasiri, ashuke. Na yule aliyetukana mama wa watu, naye ashuke. Kilichobaki ni alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya nini, nani anasema hivyo na kwenye gazeti la tarehe ngapi. Nikausoma, nikamwambia mbona mtu mzima umemwacha uchi. Akasema sijamwacha uchi mjomba, nimempima tupu kwanza.

Pande zote mbili zilimchukia sawasawa. Wa huku walisema ametumwa na wa kule, wa kule walisema amehongwa na wa huku. Mimi mwenyewe nilimbana siku moja baada ya ibada, tukiwa mbele ya sahani ya makande, anieleze kama alimpenda yule mzee au hakumpenda. Alitafuna kwanza, akameza.

"Mjomba, lori likipanda mizani huwa simuulizi dereva anasali wapi."

Hadi leo sijui, na mimi ni mtu ambaye hujua hadi bibi harusi ni nani kabla bwana harusi hajajua.

Miaka sita ikapita hivyo. Watu walipozidi kugombana, ukurasa ukafungwa, ukaachwa kwa wachache wanaoaminika. Eliaichi akawa mmoja wao, katika watu saba. Dada yangu hakuelewa hasa ni cheo gani, lakini alimchinjia kuku. Eliaichi hana mume bado, hana kiwanja Same mjini, hana gari. Kitu alichonacho ni kwamba watu asiowahi kuwaona, wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, wakiona jina lake chini ya sentensi wanaiacha ipite. Shikeni hilo mkononi, maana ndilo nililotaka kulivunja.

Ilikuwa hivi. Nilimwomba aongeze sentensi moja tu. Kwamba rais huyo, akiwa bado madarakani, msafara wake ulisimama Hedaru, akashuka, akanywa chai ya tangawizi ya Manase vikombe vitatu, akasema hajawahi kunywa chai kama ile. Kitu kidogo. Sikuomba picha.

Akaniuliza chanzo. Nikamwambia chanzo ni mimi, nimekaa mbele yako. Akasema wewe si chanzo, wewe ni mjomba. Akaniuliza liliandikwa na gazeti gani. Nikamwambia magazeti siku ile yalikuwa na mambo mengine. Akanijazia makande tena, na sentensi yangu ikaishia hapo.

Niliondoka nimeumia. Nikawa nawaza njia nzima, kwenye basi hadi Hedaru, nikafikia hitimisho ambalo Mpare yeyote angelifikia: kesi hii haijashindwa, imekosa mashahidi. Tena kama kamusi yenyewe ni msaragambo, si nipige pembe?

Siku ya gulio nikaazima kipaza sauti kwa muuza dawa za panya. Nikatangaza kwamba heshima ya Hedaru iko hatarini na kila mwenye kumbukumbu afike dukani kwa Nickson, pale anapotoa fotokopi. Wakaja ishirini na wawili, na mimi wa ishirini na tatu. Wengine walidhani ni mbolea ya ruzuku, lakini walipofika hawakurudi, maana niliwapa chai. Nickson akawafungulia kila mmoja jina lake kwenye kamusi, kwa kompyuta ileile moja, kisha akaandika ushuhuda kwenye ukurasa wa majadiliano, kule ambako hata mgeni huruhusiwa kusema. Wa kwanza ulikuwa wangu. Baada ya hapo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na umeme hauaminiki, akawa ananakili tu.

Nickson ni mwepesi wa mkono, lakini hasomi anachonakili. Kwa hiyo Hellen, mjane wa watu, anayeuza vitunguu, akashuhudia duniani kote kwamba yeye ni mwanamume wa miaka sitini na miwili. Abdulmajid wa bucha akashuhudia kwamba chai ilikuwa ya kwake. Wote ishirini na watatu walisema walisimama upande wa kulia wa rais, mahali ambapo, kwa vipimo vyangu, wanatosha watu wawili na ndoo. Na mwisho wa kila ushuhuda nilikuwa nimeongeza, kwa nia njema kabisa, maneno haya: "Tunaomba Eliaichi wa Makanya aruhusiwe kuliandika jambo hili, maana ndiye tunayemwamini peke yake."

Nikarudi nyumbani nikalala kama mtu aliyezibua ndiva peke yake.

Kesho yake saa nne asubuhi Eliaichi akanipigia. Hakunilaumu. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, akanisomea barua. Ilitoka kwa Abubakari, mwalimu wa fizikia huko Tanga, ambaye ndiye msimamizi wao. Ilisema kwamba wameona watu wapya ishirini na watatu, wamezaliwa alasiri moja, kwenye mashine moja, wana jinsia moja na umri mmoja, na wote wanamtaka Eliaichi. Ilisema kwa upole kwamba mambo ya namna hii kwa kawaida hufanywa na mtu mmoja anayejitengenezea wafuasi. Ilimpa siku tatu ajieleze. Akishindwa, ataondolewa kwenye ukurasa, na jina lake litafungwa.

Nikamwambia aandike kwamba hahusiki.

"Nikisema mimi tu haitoshi, mjomba. Njoo Makanya."

Nikaenda. Nilitegemea machozi, nikaandaa na leso. Nikamkuta anapima lori. Lilipoondoka akanionyesha kwa kidole nisimame pale juu ya mizani, katikati ya bati, mahali linaposimama lori la tani thelathini. Nikapanda. Madereva wawili wakazima injini ili waone vizuri.

Akaniuliza nina kilo ngapi. Nikasema themanini na tano, kama ninavyosema siku zote, hata hospitali ya wilaya. Akageuza kioo cha namba nikakisoma. Mizani ya malori haijali vipande vidogo, inahesabu kwa ishirini ishirini. Ilikuwa imesoma sitini. Nikavua kofia, nikaivaa tena. Sitini.

"Sasa niambie habari ya chai," Eliaichi akasema.

Ndugu zangu, jaribuni kusema uongo mkiwa mmesimama juu ya kitu kile. Miguu yenyewe inakataa. Nikamwambia kwamba msafara ulisimama kweli, hilo halishuki. Ulisimama kwa sababu ya mbuzi. Magari yalikuwa na vioo vyeusi. Gari la nyuma kabisa likafunguliwa mlango, akashuka dereva mmoja mwenye kikohozi, nikampa chai. Hakumaliza kikombe. Mbuzi walipopita akanirudishia kikombe, akapanda gari, wakaenda. Kama rais alikuwemo kwenye msafara, sijui. Mwaka wa kwanza nilisimulia hivyohivyo. Mwaka wa tatu dereva alikuwa amekuwa mlinzi. Kufika mwaka wa kumi alikuwa rais mwenyewe, na kikohozi kilikuwa kimepona kwa tangawizi yangu.

Wale madereva wawili hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Eliaichi akasema hayo ndiyo nikaandike, kwa jina langu na kwa mkono wangu. Nikamuuliza kama hayawezi kuandikwa bila neno "mbuzi." Akanisogezea kiti chake. Kazi ya miaka sita ilikuwa kwenye uso ule, jamani, nami nina dada mmoja tu na ana watoto watano tu. Nikakaa, nikaandika kwa kidole kimoja, malori matatu yakipita:

"Mimi ni Manase, muuza chai, Hedaru. Rais sikumwona. Nilimwona dereva. Hawa ishirini na wawili wengine niliwaita mimi kwa kipaza sauti na hawakuona kitu. Eliaichi alinikataza tangu mwanzo. Kikombe hakikuisha."

Chini yake Eliaichi akaongeza lake: "Huyu ni mjomba wangu. Nilipaswa kusema mapema kwamba ana hamu na ukurasa huu. Hata mimi simwamini, ila mara hii nilimpima."

Siku ya tatu Abubakari akajibu. Alisema katika miaka yake yote ya usimamizi ameona watu wakidai kumjua rais, lakini hii ni mara ya kwanza mtu kujitokeza kudai hamjui. Akaamua Eliaichi abaki kwenye ukurasa, asiguse chochote kinachohusu Hedaru kwa miezi sita, na mimi nisipige pembe tena. Hellen akarudishiwa uanamke wake kwa kufutiwa jina, ingawa kule gulioni bado tunamwamkia "mzee."

Basi nikaona ni haki Eliaichi naye aandikwe maisha yake, kwa kuwa ameandika ya wakubwa na hakuna aliyeandika ya kwake. Naandika kwenye daftari, yeye ananichapia, hapahapa kibandani, na amekubali sharti langu la kutogusa neno hadi nimalize. Nami namalizia hivi: jibu la Abubakari lilipofika, Makanya yote ilisimama, malori arobaini yakapiga honi, garimoshi lenyewe likafunga breki, na Eliaichi akaniangukia kifuani akilia, akasema mbele ya watu wasiopungua mia tano kwamba pasipo mjomba wake Manase yeye asingekuwa—

"Utingo ashuke, mjomba. Tulikuwa wawili, na aliyelia ni wewe."