Filimbi ya Kulindia Amani

Juzi niliona kwenye televisheni askari wetu wakipanda ndege, kofia za bluu kichwani, harufu ya kiwi ya viatu ikanijia puani. Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu pale Manyamanyama, baba alipokuwa anang'arisha buti zake za jeshi. Alikuwa anakwenda Afrika Magharibi kulinda amani.

"Ng'ombe wa hapa wanaibiwaga kila siku," mama alifoka, "nyie mnakwenda kulinda watu wa mbali!"

"Nchi imeamua, Mama Wegesa. Na mimi nimekubali."

Kazi hiyo niliijua. Sungusungu wetu, walinzi wa mtaa, wakipuliza filimbi, mtaa mzima ulitoka na mishale kufukuza wezi. Nikamvalisha baba shingoni filimbi ya sungusungu aliyoiacha babu, ili naye akiwaona wezi awaite watu.

Sasa najua kwamba kule angepuliza asitoke mtu. Baba alijua siku ileile. Akaiingiza ndani ya shati, akaenda.