Taya la Bibi

Kosa langu la utotoni lilikuwa kumsingizia bibi kwamba anakula mchana wa Ramadhani. Juzi, pale Pongwe, nilimwona mama akijikanda shavu, nikaikumbuka alasiri ile. Jikoni kulinukia nazi na iliki, na shavuni mwa bibi kulisikika ko, ko, ko.

“Mama, bibi anatafuna!” nilipiga kelele mbele ya majirani.

Bibi alifungua kinywa kwa taabu. Hamkuwa na kitu. “Haya, chungulia, kadhi wangu. Ni taya linaloniuma.”

Majirani walicheka. Yeye hakucheka, alijikanda kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani.

Sasa taya langu nalo hulia ko, ko, ko, maana hukaza meno nikihofia kukosea. Nimejisomea kwamba kiungo chake huchoka, na joto hukituliza. Siku hizi nikisikia taya la mtu likilia, humuuliza kama linamuuma.